Ukiona Vyaelea, Vimeundwa Usiku

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kulala Bulwa, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wajua jinsi baridi ishukavyo usiku. Jua likizama ardhi hupoteza joto lake. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, ikawa nzito, ikateremka polepole kufuata mabonde. Alfajiri moshi wa jikoni hukataa kupanda, ukatanda chini kama shuka. Mtu husema, "Leo hakuna upepo."

Kumbe upepo upo, ila uko juu. Hewa ile nzito huwa kama sakafu laini. Upepo upitao juu yake, mita mia chache kutoka ardhini, haukwazwi tena na miti, mawe wala vilima, nao huongeza kasi usiku kucha. Asubuhi jua huipasha ardhi moto. Hewa ya chini hupanda na kuchanganyika na ya juu, na ule upepo wa usiku hushuka hadi chini.

Bulwa upepo huo hukuta msitu na mashamba ya chai, udongo ukiwa umeshikwa na mizizi. Lakini kaskazini mwa Kenya lipo jangwa la Chalbi, bonde pana lililokuwa ziwa zamani za kale, ambalo sasa ni chumvi na udongo mtupu. Hapo upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kama maji katika mfereji. Wataalamu J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Nguvu zake huwa kubwa usiku hadi asubuhi, na jua likipanda vumbi nalo huinuka. Ndivyo ilivyo pia Bodélé, nchini Chad, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi. Vumbi la huko huweza kuvuka bahari ya Atlantiki hadi Amerika ya Kusini.

Basi tusiulaumu upepo. Mkondo huo huo wa Turkana huzungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Madhara huanza pale unapokuta ardhi iko uchi.

Nasi mjini tunayo majangwa yetu madogo: uwanja usio na nyasi, kichochoro kilichokwanguliwa hadi udongo. Vumbi lake huingia vifuani mwa watoto, na mwenye pumu huteseka zaidi. Mama au baba afagiaye ua na anyunyize maji kwanza, afanye hivyo mapema kabla upepo haujashuka, na vyakula na mitungi ya maji vifunikwe. Kisha jamaa wote wapande nyasi na miti palipo wazi. Upepo hatuwezi kuuzuia, lakini udongo twaweza kuushika.