KUWINDA NI HALALI, SHAMBA LA MWENZIO SI HALALI

Wako watu katika nchi ya Bukoba na Muleba ambao wakishashika mikuki au bunduki na kuwaita mbwa wao, hudhani kwamba kila palipopita mnyama pana njia yao. Huingia mashambani bila hodi, hukanyaga, hukata, kisha hutoka wakicheka. Akiwakemea mwenye shamba humwita mchoyo. Na wengine katika hao ni Waislamu! Basi twaona ni wajibu wetu kuwajibu.

Msomaji wa pwani aliyezoea shamba la minazi, ambamo mtu hupita asidhuru kitu, huenda akauliza: Ubaya uko wapi? Ubaya ni huu. Kibanja cha Mhaya si pori, ni nyumba yake. Migomba huizunguka nyumba, kati ya migomba pana mibuni, chini yake maharage, na ardhi yote hutandazwa majani yaliyokatwa rweya, yaani mbuga ya nje ya kijiji. Humo ndimo yalimo makaburi ya wazee wake. Mpakani hupandwa miti iitwayo emilamula, ili kila mwenye macho ajue. Avukaye mpaka huo na mbwa wake ameingia uani kwa mtu. Na Suratun Nur imetukataza kuingia majumba ya wenzetu bila idhini na salamu.

Wala hasara yake si ndogo. Moto uliowashwa rweya ili kumtoa mnyama hauujui mpaka. Na panga la mpita njia lina balaa kubwa zaidi: ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana Tanzania kwa mara ya kwanza wilayani Muleba mwaka 2006, huchukuliwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Nao hauna dawa ya kuuponya. Mtu hukata mgomba mmoja kujifungulia njia, akaacha njaa nyuma yake.

Husema: “Mnyama wa mwitu hana mwenyewe.” Twajibu: Kweli, lakini ardhi inaye mwenyewe! Mafakihi wetu wa Kishafii wamebainisha kwamba awindaye katika ardhi ya mtu bila idhini, hata kama windo ni lake, ana dhambi ya kuingia, na alichoharibu atakilipa. Na sheria ya nchi nayo, ile ya Wanyamapori ya 2009, haikumwachia kila mtu awinde apendavyo.

Husema tena: “Twawasaidia wakulima kwa kuwaua nguruwe na ngedere.” Msaada gani huu usioombwa? Mwenye kutaka kusaidia hupiga hodi.

Ama silaha, hapo ndipo penye hatari ya roho. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike vichwa vyake, asije akamjeruhi Muislamu. Akakataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu haviui windo lakini hupofua jicho. Ikiwa kijiwe kimekatazwa, atasema nini afyatuaye bunduki kwa kuona majani ya mgomba yanatikisika, na huku nyuma yake mama apalilia maharage? Kuua kwa kukosea kuna diya na kafara katika Suratun Nisaa. “Sikukusudia” peke yake haitoshi.

Na ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani ya watu, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na waharibucho wanyama usiku kiwe juu ya wenyewe. Ikiwa mnyama aliyeponyoka humlipisha mwenyewe, je, mbwa aliyetumwa kwa mluzi?

Enyi wenye mashamba, msiwajibu kwa mapanga. Wazuieni kwa maneno, shuhudizeni majirani, wapelekeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, dai fidia yenu. Damu haifidii maharage.

Nanyi mnaoletewa paja la swala jioni mkalipokea kwa furaha, ulizeni limepita shamba la nani. Mpokeaji asiyeuliza ndiye amtumaye mwindaji tena kesho. Na wewe uliyekwisha kuharibu, nenda kwa mwenye shamba leo ukamlipe na kumwomba radhi, kwani haki ya mja haifutwi kwa toba pasipo kumrudishia mwenyewe.

Wabillahi taufiq.