Goma Imetekwa, Dar es Salaam Haikutaja Jina

Asubuhi hapa Mwigobero, mwalo wa Musoma, mchuuzi wa dagaa hupima sado zake huku boti ya Kinesi ikisubiri abiria, na malipo huingia kwenye simu kabla hajafunga gunia. Akitaka fedha taslimu, wakala yuko hatua chache.

Mwenzake wa Kituku, mwalo wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye Ziwa Kivu, anauza sambaza, samaki wadogo ambao mbegu yao ilitolewa Ziwa Tanganyika. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na miezi ikapita bila kufunguliwa. Akiba yake ipo, lakini haishikiki. Amebakiwa na wakala wa simu atakayemkata makato ya kuumiza, au avuke mpaka kwenda kutoa fedha yake Gisenyi, ndani ya Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema askari wake ndio waliowabeba M23.

Noti mpya haziji kutoka Kinshasa, basi zinazunguka zilezile hadi zinachakaa. Ya falanga 500, iliyopasuka katikati na kuungwa kwa gundi, inageuzwageuzwa, inainuliwa juani, kisha inarudishwa kwa mwenyewe: mama, hii haipiti. Anarudi nyumbani na fedha mkononi na kapu tupu.

Jumamosi kuna salongo, yaani kufagia mitaa kwa amri ya watawala wapya. Wapo wanaosifu usafi huo, wengine husema hata vibaka wamepungua. Sawa. Na kibaka akikamatwa, anahukumiwa na nani, kwa sheria ya nchi gani?

Lawama yetu tunaipeleka nyumbani. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wakuu wa Jumuiya hiyo na wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Dar es Salaam Februari 8, 2025, wakataka mapigano yasitishwe na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Walipofika kwenye kiini wakasema "majeshi ya kigeni yasiyoalikwa", wakaishia hapo. Siku 13 baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2773, lililitaja Jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liondoke. New York iliona kilichowashinda majirani. Huo ni woga, na haukustahili kuandikwa katika mji ambao nchi yake ilikuwa na askari Kongo chini ya SADC, wengine wakarudishwa kwenye majeneza.

Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, si mbali na hapa. Mwaka 1978, Idi Amin alipotangaza kuwa ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni yake, wasuluhishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikuja na maneno ya kupoza. Mwalimu aliwataka kwanza wamlaani mvamizi. Hatudai vita, ile ya Kagera tuliilipia miaka mingi. Tunadai ule ujasiri wa kusema nani kaingia kwa nani, kisha benki zifunguliwe na ndege zitue.

Kikao kijacho kianze na jina la aliyeingia Kongo, ndipo wakuu wasimame kupiga picha ya pamoja.