Breki Zinapolia

Mwezi huu tunaacha jiko na cherehani, tunatoka uani kulikoegeshwa gari. Wengi wenu siku hizi mnaendesha wenyewe: mnawapeleka watoto shule, mnabeba mboga kwenda sokoni, mnawawahisha wagonjwa hospitali. Lakini gari likianza kulia, tunaongeza sauti ya redio na kumsubiri baba arudi. Na sisi tulikuwa hivyo hivyo.

Tunaishi Lushoto. Anayeijua barabara ya kuteremkia Mombo kupitia Soni, zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima upande huu na korongo upande ule, hana haja ya kuelezwa breki ni nini. Siku moja tulikuwa tukiteremka na watoto watatu kiti cha nyuma na matenga ya matunda kwenye buti. Kila tulipokanyaga breki tulisikia mluzi mwembamba wa chuma gurudumu la mbele kushoto. Tuliweka gia ndogo, tukaenda mwendo wa konokono hadi chini, mikono ikitoka jasho.

Mluzi huo umewekwa makusudi na waliotengeneza gari. Kwenye pedi nyingi kuna kijibati kidogo ambacho hugusa diski pale pedi inapobakiwa na unene wa milimita 2 au 3 hivi. Pedi mpya huwa na milimita 10 au zaidi. Kwa hiyo gari linapopiga mluzi, linaomba. Linapoanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, limeshachoka kuomba: chuma kinakula chuma, na diski nayo inaharibika.

Kilichotushangaza ni kwamba pedi zile zilikuwa na miezi minne tu tangu fundi azifunge. Baba watoto alitaka tulipeleke gari kwa fundi yule yule. Binti yetu mkubwa, anayesomea ufundi, akasema, “Mama, tulifungue wenyewe tuone.” Tukafungua.

Tuliegesha mahali tambarare, gia kwenye P, hendibreki imefungwa, na mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Nati tulizilegeza kabla ya kuinua gari, maana likishakuwa juu gurudumu huzunguka tu. Jeki iliwekwa pale kitabu cha gari kinapoonyesha, kisha tukaliegemeza gari juu ya stendi ya chuma. Hapa tunasema kwa ukali, na mtusamehe: usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na tofali si stendi. Jeki huteleza na tofali hupasuka bila kupiga hodi.

Gurudumu likatoka. Kile chuma kinachoibana diski, mafundi hukiita kalipa, kwenye gari letu kimeshikwa na bolti mbili. Tulifungua ya chini kwa spana namba 14, tukakiinua juu kama kifuniko. Ikibidi kukitoa chote, kifunge kwa waya kwenye springi, kisining’inie kwa mpira wake wa mafuta. Tukazitoa pedi. Ya nje ilikuwa nene, ungedhani mpya. Ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa. Hapo siri ikafichuka. Kalipa huteleza juu ya pini mbili, na pini zetu zilikuwa kavu, zimeganda kwa kutu. Fundi alibadilisha pedi akasahau grisi, basi pedi ya ndani ikafanya kazi ya wawili. Nyumba nyingi zinaijua hali hiyo.

Tulizisafisha pini, tukazipaka grisi maalumu ya breki inayovumilia joto. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Lile vumbi jeusi msilipulize kwa mdomo. Lilowesheni kwa dawa ya kusafishia breki, mfute kwa kitambaa cha kutupa. Watoto wakae mbali. Unene wa diski nao tuliupima. Kiwango cha chini kabisa huwa kimegongwa kwenye diski yenyewe.

Pedi mpya ni nene, hivyo pistoni lazima irudi ndani. Tulifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, tukaweka pedi kuukuu juu ya pistoni, tukaisukuma taratibu kwa klampu ya seremala. Mafuta hupanda kikoponi, basi chungeni yasifurike, maana yanakula rangi ya gari. Kisha tukahamia upande wa kulia. Pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Nati tulizikaza kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 103 kama kitabu chetu kinavyosema. Ninyi fuateni cha kwenu.

Sasa kosa letu. Kwa furaha ya kumaliza, tuliwasha gari, tukaachia hendibreki, tukatia gia. Kanyaga breki: pedali ikazama hadi sakafuni. Gari likajiendea polepole kuelekea kibanda cha jiko, ambako bibi alikuwa ameketi akipepeta mchele. Binti akavuta kitufe cha hendibreki, gari likasimama hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Bibi alitutazama tu, akaendelea kupepeta. Ukishasukuma pistoni ndani lazima ukanyage pedali mara nyingi, gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu. Tulikuwa tunalijua hilo. Tulilisahau.

Magurudumu ya nyuma hatukuyagusa. Magari mengi ya sasa yana hendibreki ya kitufe, na mota ndogo imekaa kwenye kalipa ya nyuma. Ukiisukuma pistoni yake kwa klampu utaivunja. Mpaka kwanza gari liambiwe, kwa kompyuta ya fundi au kwa utaratibu ulio kitabuni, kwamba linafanyiwa matengenezo. Baadhi ya magari ya haibridi nayo, pampu ya breki huamka yenyewe mlango unapofunguliwa, vidole vyako vikiwa ndani. Hayo tumemwachia fundi mwingine, ila tulisimama pale pale tukamwomba atuonyeshe pini.

Kabla ya kushuka Mombo tulizunguka barabara tambarare, tukipunguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara kama kumi, tukiacha breki zipoe katikati, ili pedi na diski zizoeane. Wiki iliyofuata tukateremka na matenga yetu. Bibi alikataa kupanda. Alisema atatufuata kwa basi.