Hukumu za Mwisho wa Mwaka na Haki ya Shabiki: Utetezi wa Mabishano ya Rap

Kila Desemba magazeti ya Marekani huchapisha orodha za albamu bora za mwaka, na kila Desemba mashabiki wa rap huzikataa. Hubishana kwa vinyozi, redioni na mabwenini kuhusu nani ameonewa na nani amepewa asichostahili. Miongoni mwa wasomi wa fasihi kuna mazoea ya kuyapuuza mabishano hayo kama kelele za vijana, na kuipokea orodha ya wahakiki kama kauli ya wajuzi. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Mabishano ya mashabiki ni uhakiki, na aghalabu huigusa sanaa yenyewe kuliko orodha inavyoigusa.

Yafaa kwanza kuchunguza hukumu hizo zilivyokuwa zikipatikana. Kura mashuhuri ya wahakiki ilikuwa ile ya Pazz & Jop, iliyoendeshwa na gazeti la Village Voice la New York kwa zaidi ya miongo minne. Kila mhakiki aliteua albamu 10 na kuzigawia alama 100, pasiwe na albamu yenye zaidi ya alama 30 wala pungufu ya 5. Haiwezi kudaiwa kwamba kura hiyo iliidharau rap. Mwaka 1988 iliwapa ushindi Public Enemy, mwaka 1989 De La Soul, na mwaka 1992 Arrested Development. Hata hivyo, kura ilijumuisha muziki wa kila aina, hivyo albamu ya rap ilipimwa pia na watu ambao rap haikuwa fani yao. Isitoshe, kujumlisha alama hupendelea kazi inayowaridhisha wengi kwa kiasi kuliko ile inayowagawanya.

Mwaka 1992 ni mfano mzuri. Arrested Development, kundi kutoka Atlanta, waliimba kuhusu mizizi ya watu weusi wa Kusini, sala na watu wasio na makao. Sifa nyingi walizopewa zilihusu wema wa ujumbe wao. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Dr. Dre alitoa albamu ya The Chronic. Mwaka wa wahakiki ulikuwa umekwisha. Masikio ya mashabiki hayakufuata kalenda hiyo. Waliyoyataja mashabiki yalikuwa mambo ya fani: besi nzito yenye mwendo wa taratibu, ala zilizopigwa upya kwa mtindo wa funk ya miaka ya 1970, na sauti ya Snoop Dogg isiyo na haraka juu ya mapigo. Mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu hiyo katika sajili yake ya kitaifa ya sauti zilizorekodiwa. Hoja hapa si kwamba mashabiki walishinda. Hoja ni kwamba wao walieleza ni nini kilichobadilika na kilibadilikaje, ilhali orodha ilitoa nambari tu. Ugonjwa huu unafahamika hata katika uhakiki wa Kiswahili: utungo husomwa kama hotuba, maudhui yakasifiwa, na fani ikaachiwa aya moja ya mwisho.

Upo upinzani unaostahili kujibiwa. Husemwa kwamba shabiki huongozwa na mapenzi, mtaa anakotoka na wingi wa mauzo. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba utetezi wa fani umetumiwa kuficha dharau kwa wanawake iliyojaa katika albamu kama The Chronic. Hapo mhakiki ana kazi. Lakini kazi hiyo haifanywi na nambari. Hufanywa na hoja. Mwaka 1994 bell hooks alionyesha katika makala yake kwamba dharau hiyo si uvumbuzi wa vijana weusi bali ni zao la ubabe wa kiume uliotawala jamii nzima ya Marekani. Insha kama hiyo humlazimu shabiki kufikiri upya. Nafasi ya kumi na nne katika orodha haimlazimu chochote.

Wala wahakiki hawakuwa huru na mapenzi. Jarida la The Source, lililoanzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wa Harvard, liliheshimiwa kwa kuwa liliandikwa na watu wa rap wenyewe. Mwaka 1994 wahariri wake kadhaa walijiuzulu, wakilalamika kwamba mwanzilishi mwenzao alichapisha makala kuhusu kundi alilokuwa na uhusiano nalo pasipo wao kujua. Shaka ya shabiki, basi, haikuwa ukaidi mtupu.

Jarida hilohilo liliipa The Chronic maikrofoni nne na nusu kati ya tano, na mwaka 1994 likaipa Illmatic ya Nas, kijana wa miaka 20 kutoka Queensbridge, zote tano. Nusu hiyo imebishaniwa kwa miongo kadhaa. Anayeitetea Illmatic hutaja ubeti, huonyesha vina vya kati vinavyofungana kabla ya kina cha mwisho, na hueleza msanii anapovutia pumzi. Anayeipinga hujibu kwamba vipande 10 vya takriban dakika 40 ni vichache mno kwa sifa hiyo. Kila upande hudaiwa ushahidi, na asiye nao huchekwa.

Katika fasihi simulizi wanafunzi hufundishwa kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji: huitikia, hukatiza, husahihisha. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilidumu vinywani mwa wasikilizaji hadi zilipokusanywa mwishoni mwa karne hiyo, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Lau hadhira hiyo isingejua kuchagua, pasingekuwa na diwani ya kuhakiki. Ni ajabu kwamba wanaoifundisha nadharia hii hunyamaza hadhira inapokuwa ya vijana na utungo unapokuwa wa rap.

Hivyo basi, mhakiki atakayeorodhesha albamu hana budi kuandika sababu zinazoweza kubishiwa, na msomi wa fasihi hana budi kuyakusanya na kuyachambua mabishano ya mashabiki kama anavyokusanya maghani na vitendawili. Hukumu isiyovumilia kuulizwa sababu na wale wanaoijua kazi kwa moyo haistahili kuitwa uhakiki.