Waliozomea wamekwenda wapi?

KIBARAZA CHA IJUMAA
Na Salehe Mwinyimkuu

Mpe shabiki wa muziki nafasi akusimulie tamasha alilohudhuria ujanani, utaona nyimbo anazipitia haraka haraka kama mshereheshaji anayesoma majina ya wageni waalikwa. Anapofika palipoharibika ndipo anapojiweka sawa kwenye kiti. Spika ziligoma, mwimbaji alipanda amelewa, watu walizomea. Hapo mikono nayo inaanza kuongea, na chai inapoa.

Mfano wangu ni tamasha la tarehe 16 Oktoba 1992, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kampuni ya Columbia ilikuwa imeamua kumfanyia Bob Dylan sherehe ya miaka 30 tangu atoe santuri yake ya kwanza. Ndani waliingia watu wapatao 18,000, na wengine walilipia kulitazama moja kwa moja kwenye televisheni zao. Mwenyewe alikuwa na miaka 51, mzima wa afya, na hilo peke yake lastahili pongezi, maana sisi huku desturi yetu ni kumsubiri mtunzi afe kwanza ndipo tupange viti vya wageni rasmi.

Ukiisoma leo orodha ya walioimba, utadhani mtu anakutania. Stevie Wonder. Johnny Cash na mkewe June Carter. Willie Nelson. Lou Reed. Eric Clapton. O'Jays. Neil Young, ambaye aliibandika shughuli nzima jina la utani, "Bobfest", likanasa. Waliowasindikiza kwa ala ni Booker T. & the MG's, wale wale waliompigia Otis Redding. Kijana wa Pearl Jam, Eddie Vedder, akaimba "Masters of War", wimbo uliotungwa yeye hajazaliwa. Tracy Chapman naye alikuwepo na gitaa lake. Wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka kwa siku nyingine, Juni 1988 pale Wembley, katika tamasha la miaka 70 ya Mandela, vifaa vya Stevie Wonder vilipopungukiwa na kitu akagoma kupanda, na binti huyu asiyejulikana sana akasukumwa jukwaani kuziba pengo. Miaka minne baadaye wote wawili wanamwimbia Dylan, na safari hii hakuna kilichopotea.

Kwa mashabiki wa siku nyingi, aliyewagusa zaidi alikuwa George Harrison. Tarehe 1 Agosti 1971, katika ukumbi huo huo, Harrison aliandaa tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, na Dylan, ambaye miaka ile alikuwa haonekani jukwaani ila kwa nadra, akatokea. Sasa mwenye deni amekuja kulilipa kwa sauti yake, mahali pale pale alipokopea. Jambo kama hili halihitaji mtangazaji kulieleza. Aliyelijua alilijua, na aliyekuwa hajui alimwona tu mzungu mwembamba na gitaa.

Nao wale wazee wa Ayalandi, Clancy Brothers na Tommy Makem, walikuwa wakimjua Dylan tangu enzi za baa za Greenwich Village, hana jina wala senti. Waliimba wakashuka salama salmini, wakapigiwa makofi. Mwayalandi mwingine wa usiku ule hakupata bahati hiyo.

Sinéad O'Connor alikuwa na miaka 25, kichwa kipara. Siku 13 kabla, usiku wa tarehe 3 Oktoba, alikuwa ameimba kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live. Aliimba "War" ya Bob Marley, sauti tupu bila ala, akabadilisha maneno kidogo ili yazungumzie watoto wanaodhulumiwa, kisha akainua picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili, akaichana mbele ya kamera. Picha ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Marekani ikawaka moto.

Basi Kris Kristofferson akasimama pale Garden kumkaribisha, akamsifu kwa ujasiri na msimamo. Binti akatokea. Kukapigwa makofi, kukapigwa miluzi, kukazomewa, vyote kwa pamoja, na badala ya kupungua vikazidi. Booker T. akagusa kinanda kuanzisha "I Believe in You", wimbo wa Dylan wa mwaka 1979 ambao walikuwa wameufanyia mazoezi. Sinéad akamwashiria aache. Booker T. akangoja, akajaribu tena. Akamwashiria tena. Wimbo wenyewe, kwa kinaya ambacho hata mtunzi wa riwaya angeona haya kukiandika, unahusu mtu anayefukuzwa na wenzake kwa sababu ya anachokiamini.

Kristofferson akatumwa akamtoe jukwaani. Akaenda. Lakini alipomfikia, badala ya kumshika mkono wamalize, alimnong'oneza asikubali kuvunjwa moyo na hawa wanaharamu (alitumia neno la namna hiyo, mhariri anisamehe), naye akamjibu kwamba moyo wake haujavunjika. Kisha akataka kipaza sauti kiongezwe. Akauacha wimbo wa Dylan, akaiimba "War", au tuseme aliipayuka, peke yake, juu ya kelele za ukumbi mzima. Alipomaliza aliwatazama kidogo, akatoka, na Kristofferson akampokea kifuani.

Waandishi wengi wa Ulaya na Marekani wakifika hapa husimulia habari ya Papa, wakaishia hapo. Mimi nadhani mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Maputo ana la kuongeza. Wimbo ule si wa Dylan, na kwenye karatasi wala si wa Marley: katika santuri ya "Rastaman Vibration" ya mwaka 1976 watunzi waliotajwa ni Allen Cole na mpiga ngoma Carlton Barrett. Na maneno yake karibu yote ni hotuba ya Haile Selassie mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 4 Oktoba 1963, alipoiambia dunia kwamba isitegemee amani maadamu ukoloni na ubaguzi wa rangi bado vipo, akazitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Manhattan, New York. Ukitoka pale kwa miguu mpaka Madison Square Garden hufiki saa nzima. Maneno ya mfalme wa Kiafrika yalitoka jengo la mtoni, yakaenda Kingston yakatiwa ngoma, yakaingia kwenye kanda zilizorudufiwa tukazinunua Kariakoo, na miaka 29 baadaye yakarudi mitaa ile ile kwa kinywa cha binti wa Dublin, yakazomewa.

Sisi Msumbiji hatukuijua kwa wimbo. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 1969. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na ofisi zake mjini humo humo. Ndiyo maana nikiitazama video ya usiku ule wa 1992 huwa nasikia kitu ambacho nadhani waliokuwa viti vya mbele hawakukisikia.

Tena kuna tarehe. Sinéad alichana picha usiku wa tarehe 3 Oktoba. Siku iliyofuata, tarehe 4 Oktoba 1992, miaka 29 kamili tangu hotuba ya Selassie, Joaquim Chissano wa Frelimo na Afonso Dhlakama wa Renamo walitia saini mkataba wa kumaliza vita vya Msumbiji. Walitia saini Roma. Waliowapatanisha kwa miezi na miezi ni Sant'Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki. Kanisa hilo hilo. Katika saa zile zile ambapo huku lilikuwa likishitakiwa kwa haki, kule watoto wake walikuwa wakizima moto katika moja ya nchi zilizotajwa ndani ya wimbo. Mwenye kutaka kulihukumu Kanisa kwa sentensi moja na aanze na hapo.

Kwa hiyo sitawabeza wote waliozomea. Picha ya Papa kwa muumini si karatasi, na New York ina Wakatoliki wengi, wengi wao wenye asili ya huko huko Ayalandi. Walikuwa wamekasirika kwelikweli. Ninachowashangaa ni kuzomea katika sherehe ya mtu yule.

Maana hakuna mtunzi aliyezomewa akapata umaarufu kwa kuzomewa kama Dylan. Newport, Julai 25, 1965, alipanda na gitaa la umeme mbele ya watu waliozoea gitaa kavu, uwanja ukachafuka. Waliokuwepo hawajakubaliana mpaka leo. Huyu anasema hasira ilikuwa juu ya umeme. Yule anasema sauti ilikuwa mbovu. Mwingine anasema watu walidai nyongeza tu, kwa kuwa alipiga nyimbo tatu na bendi akashuka. Manchester, Mei 17, 1966, mtu mmoja alimpigia kelele akimwita Yuda. Kanda ya siku hiyo ilizunguka miaka mingi kwa magendo, ikiwa imeandikwa kwamba ni Royal Albert Hall, London, na kosa hilo lilikuwa limeota mizizi kiasi kwamba Columbia ilipoitoa rasmi mwaka 1998 iliacha jina la Royal Albert Hall kwenye jalada, ndani ya alama za nukuu. Yaani kumbukumbu ya mashabiki ilikosea mji, na kampuni ikaona heri ikosee pamoja nao.

Na shahidi alikuwepo. Aliyepiga kinanda kwenye "Like a Rolling Stone" usiku wa Garden, nyuma ya John Mellencamp, ni Al Kooper. Ndiye aliyekipiga kwenye rekodi ya awali mwaka 1965, tena alikuwa amekuja studio kama mpiga gitaa, kinanda akakirukia tu. Na alikuwa jukwaani Newport siku ile ya rabsha. Mtu huyo alikuwa na haki kuliko wote ya kuwaambia watu 18,000 kwamba hizi zomeazomea anazifahamu, na kwamba zina tabia ya kugeuka.

Zikageuka. Mwaka 2009 ripoti ya Tume ya Ryan ilitoka Ayalandi, zaidi ya kurasa 2,000, ikieleza jinsi watoto walivyopigwa na kunajisiwa katika shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa. Sinéad mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2021, anasimulia kelele za usiku ule kama nusu kwa nusu, wa kuzomea na wa kushangilia wakishindana. Alipofariki London mwezi Julai 2023, waliokuwemo ukumbini wakaanza kujitokeza kusimulia. Mmoja alisimama kwenye kiti kumshangilia, mwingine aligombana na jirani yake, mwingine alitokwa na machozi. Sina sababu ya kumwita yeyote kati yao mwongo. Ila ukiwajumlisha wote wanaosema walipiga makofi, hapabaki kiti cha mtu wa kuzomea.

Huo ndio udhaifu wa kumbukumbu za mashabiki, na bado nazitegemea kuliko za kampuni. Santuri ya tamasha ilitoka mwaka 1993. Mellencamp yumo, Cash yumo, Harrison yumo, na kile kibao cha kuelekea mwisho, "My Back Pages", ambacho Dylan, Roger McGuinn, Tom Petty, Young, Clapton na Harrison waliachiana beti mojamoja, kimo, na ni kitamu. "War" haimo. Kwa kuisikiliza ile santuri tu, usingejua kwamba Sinéad O'Connor alikanyaga jukwaa lile. Ni mashabiki waliomweka hai ndani ya usiku ule, kwa kusimuliana, kwa kubishana, kwa kupeana video zilizochukuliwa kwenye televisheni, hata wale wanaojipendelea katika masimulizi.

Mwaka 2014 Columbia ilitoa toleo jipya, lililoongezwa vitu na kusafishwa. Nikadhani safari hii watamrudisha. Wamemrudisha nusu. Wameweka "I Believe in You", ile aliyoiimba kwenye mazoezi, viti vikiwa vitupu. Ni nzuri sana, na siichoki. Anaimba chini kwa chini, kama anayejisemea, na unasikia jinsi usiku ule ungekuwa kama mambo yangekwenda kwa ratiba. "War" wameiacha nje tena.

Mimi ningeziuza zote mbili kwa kufuatana, ya viti vitupu kwanza, kisha ya ukumbi uliojaa, na miluzi yake na matusi yake, bila kusafisha. Na bei ningepandisha kidogo.