MISRI YETU ILIKUWA GWASSI



Hapa Chepseon ombi hili haliishi: "Pasta, tuombee kijana wetu aliye Qatar. Tuombee binti yetu kule Saudia, mwajiri wake amwone kuwa ni mtu." Nasi tunaomba. Wengine wenu mnasoma ujumbe huu mkiwa hukohuko, mmetoka kazini mmechoka.

Leo nina swali moja. Unataka mwanao apokelewe vizuri ugenini. Je, aliyekuja kwako kutafuta riziki unamwitaje?

Soma Walawi 19:34. Mungu anawaagiza Israeli wampende mgeni, na anawapa sababu: walikuwa wageni Misri.

Sisi pia tuna Misri yetu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa Orkoiyot. Wakatolewa Kericho, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Wako waliozikwa hukohuko. Ugeni tunaujua!

Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wachumaji wa majani chai kutoka Kisii na Nyanza walivamiwa kambini humu humu Kericho kwa sababu ya kabila lao. Wakaitwa "madoadoa". Kumbe wengine wamezaliwa hapa, na hawana nyumbani pengine wanapopajua.

Najua utauliza: "Pasta, na ardhi yetu iliyochukuliwa?" Dai hilo ni la haki, na tulidai bila woga. Lakini walioichukua ni wakoloni, wakaigawa kuwa mashamba makubwa ya chai. Yule mama anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja cha kambi hakuchukua hata futi moja. Usimtoze deni lisilo lake.

Mpendwa, kura ya 2027 inakuja, na maneno yameanza kupikwa. Usingoje moto uwake ndipo uanze kuhubiri amani. Wiki hii mjue jirani yako kwa jina, si kwa kabila. Akiugua, nenda ukamwone. Neno "madoadoa" likitajwa mezani kwako, likemee mbele ya watoto.

Kisha piga magoti umwombee mwanao aliye mbali.

Ee Bwana, utupe moyo wa kumpokea mgeni kama tunavyotamani watoto wetu wapokelewe. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, na utaje nchi unayosomea ujumbe huu tukuombee.