Kitambulisho Kisiwe Kufuli la Sanduku la Kura

Haki ya kupiga kura huporwa kwa njia mbili. Ya kwanza ina kelele, kama mlolongo wa 1988, mstari mfupi ulipotangazwa kuwa mrefu huku macho yetu yakiona. Wizi huo viongozi wa makanisa waliupinga waziwazi, akiwamo Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Anglikana ya Eldoret. Njia ya pili ni ya kimya: mwananchi hafiki kwenye foleni kabisa, kwa sababu hana kadi. Hiyo ndiyo tunayoishtaki leo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 83(3), yaagiza kwamba taratibu za kuandikisha wapiga kura zimrahisishie raia anayestahili, wala zisimnyime haki yake. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 yamtaka athibitishe umri wake kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Basi mlango ni wa Katiba, ufunguo ni wa afisa.

Sisi wa Eldoret twajua maana yake. Katika ghasia za 1992, moto ulioteketeza nyumba za Burnt Forest uliteketeza na vitambulisho. Watu walikimbilia nyua za makanisa, na tarehe 29 Desemba wengi wao hawakupiga kura. Nchini kote, vijana waliokadiriwa kupita milioni moja walikosa kuandikishwa kwa kuwa hawakuwa wamepewa vitambulisho. Je, ni nani aliyehesabu kura zao?

Novemba 2023 serikali ilitangaza ada ya shilingi 1,000 kwa kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa cha bure, na 2,000 kwa aliyepoteza chake. Mahakama Kuu ikasimamisha. Mwaka 2024 ada zikarudi zimepunguzwa: 300 na 1,000. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kufuta ada ya kitambulisho cha kwanza. Twashukuru, lakini kilichofutwa kwa tangazo hurudishwa kwa tangazo. Na msamaha huo haukumgusa aliyeunguliwa na nyumba.

Wapo watakaosema: bila kitambulisho, wageni watatupigia kura. Hatusemi kitupwe, twasema kisiuzwe. Hata Marekani, ambako vita hivi havijaisha, kodi ya kura ilipigwa marufuku katika chaguzi za taifa kwa Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964. Na Mahakama yao ya Juu, ilipoikubali sheria ya kitambulisho ya jimbo la Indiana mwaka 2008, majaji waliotoa uamuzi mkuu walitegemea hoja kwamba kadi hiyo ilitolewa bure. Haki inayolipiwa ni bidhaa, na maskini hana duka.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Bunge liandike katika sheria kwamba kitambulisho ni bure, cha kwanza na cha badala. Pili, msajili wa vitambulisho na karani wa kuandikisha wapiga kura waende pamoja vijijini. Tatu, ombi lijibiwe kwa muda uliowekwa na sheria, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Nanyi waumini na wanaharakati, msingoje Agosti 2027. Kila parokia na kila usharika uhesabu vijana wake wasio na kadi, pamoja na wajane na waliohamishwa makwao. Wasindikizeni ofisini, andikeni tarehe ya kila ombi, na atakayezungushwa aletwe kwa wakili. Haba na haba hujaza kibaba. Na sanduku la kura hujazwa vivyo hivyo.